Je, Unajua Kilichomo Ndani ya Mkate Unaoununua?

Mwulize mtoto yeyote wa shule ya msingi mkate hutengenezwa kwa vitu gani, naye atakujibu bila kusita: unga wa ngano, maji, hamira, chumvi, pengine na sukari na mafuta kidogo. Jibu hilo latosha kabisa kwa maandazi yanayopikwa uani alfajiri. Kwa mkate wa slesi uliofungwa katika mfuko wa nailoni, ule ulioununua jana jioni ulipokuwa ukirudi kutoka kazini, huenda lisitoshe. Hebu uchukue mfuko huo uusome. Baada ya ngano na chumvi waweza kukuta maneno ya kigeni na herufi E ikifuatwa na tarakimu: E471, E472e, E481, pengine hata E920. Yataka macho mazuri, maana watengenezaji wengi huyachapa maneno hayo kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Katika herufi hizo ndogo ndimo linamokaa swali ambalo makala haya yanakusudia kulichambua, yaani swali la mkate, keki, biskuti na peremende kuwa halali au kutokuwa halali. Wapo wanaolicheka. Husema: nyama tumeelewa, kwani mnyama huchinjwa, na yafaa ijulikane ni nani aliyemchinja na kwa namna gani, lakini mkate hauna shingo, wa kuchinjwa ni upi? Mzaha huo ni mtamu, ila umepitwa na wakati tangu siku ile mkate ulipoacha kutoka kwa mwokaji tuliyemjua kwa jina, ukaanza kutoka katika viwanda vinavyopokea magunia na madebe kutoka kila pembe ya dunia.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mwislamu amekatazwa nyamafu, damu, nyama ya nguruwe, mnyama aliyechinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, na kileo. Vitu vingine asili yake ni halali mpaka ipatikane hoja ya kuviharamisha. Kwa kanuni hiyo ngano ni halali, sukari ni halali na hamira ni halali. Wala pombe ile kidogo ambayo hamira huizalisha ndani ya donge la unga, na ambayo sehemu yake kubwa hutoka na mvuke tanurini, haihesabiwi kuwa kileo. Taabu iko penginepo.

MAFUTA YASIYOTAJA ASILI YAKE

Chukua E471. Haya ni mafuta yaliyovunjwavunjwa kiwandani ili yaweze kuunganisha maji na mafuta mengine, vitu ambavyo kwa tabia yao havipatani. Ukiyatia katika donge, mkate hukaa laini kwa siku kadhaa badala ya kukauka kesho yake asubuhi, na keki huumuka vizuri. Ni kitu chenye manufaa, na si sumu. Lakini E471 yaweza kutengenezwa kwa mafuta ya mawese au ya soya, na yaweza vile vile kutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe. Ikishakuwa tayari ni unga mweupe au chembechembe ndogo, na namba yake ni ile ile. Mwokaji mwenyewe, hata awe mcha Mungu wa namna gani, hawezi kuitazama kwa jicho akajua ilitoka wapi. Ni hivyo hivyo kwa E472e na E481, ambazo mara nyingi huja zimekwisha kuchanganywa katika gunia la unga wa kuboresha mkate, na mwokaji humimina kipimo kama alivyoelekezwa.

E920 ina kisa cha ajabu zaidi. Jina lake ni sisteini, nayo hulegeza donge ili mashine ziweze kulikanda na kulinyoosha upesi. Asili yake ya zamani ni nywele na manyoya. Manyoya ya bata, nywele za nguruwe, hata nywele za binadamu, zilichemshwa katika asidi kali mpaka protini yake ikavunjika, kisha sisteini ikatengwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza nywele za binadamu zisitumiwe kutengenezea sisteini ya chakula. Siku hizi ipo pia inayotengenezwa na bakteria waliolishwa sukari, na hiyo haina mushkeli wa nywele wala manyoya. Nakuomba, msomaji, usiutupe mkate wako kwa kusoma haya. Zipo bekari zisizotumia kitu hicho kabisa, na pale kinapotumika huwa ni kiasi kidogo mno. Kimetajwa hapa kwa sababu kinaonyesha jinsi njia ilivyo ndefu kutoka kwa mnyama hadi kwenye meza yako, na jinsi mnyama mwenyewe anavyopotea njiani.

Kwa upande wa watoto, jambo kubwa ni jelatini. Hii hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa, hasa ya nguruwe na ya ng'ombe, nayo ndiyo inayozifanya peremende nyingi zivutike, na zile laini nyeupe na za rangi ya waridi zibonyee kama sponji. Hutiwa pia katika baadhi ya keki, maziwa mgando ya dukani na maganda ya vidonge vya dawa. Hata ikiandikwa kwamba ni ya ng'ombe, Mwislamu bado ana swali la pili: ng'ombe huyo alichinjwaje? Ikiwa ni ya samaki, hana swali.

Ladha ya vanila nayo haina budi kutajwa. Kwa sheria ya Marekani, kitu hakiwezi kuuzwa kwa jina la dondoo ya vanila ikiwa alkoholi yake haifiki asilimia 35, kwa kuwa alkoholi ndiyo inayokamua harufu kutoka katika maganda ya vanila. Chupa nyingi za bei nafuu katika maduka yetu si dondoo hasa. Ni ladha ya kutengenezwa, na hutumia viyeyusho vingine. Ajabu, basi, kwamba mwenye kununua chupa ya bei rahisi huenda akawa salama zaidi kuliko mwenye kununua ya fahari.

KISA CHA INDONESIA

Ili kuona kwamba haya si maneno ya kujitafutia kazi, yafaa tusafiri kidogo hadi Indonesia, nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, ambayo imelipitia jambo hili kwa uchungu kuliko nyingi.

Mapema mwaka 1988, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brawijaya katika mji wa Malang, Tri Susanto, alitoa katika jarida la wanafunzi matokeo ya uchunguzi wake. Alisema kwamba bidhaa kadhaa za viwandani zilikuwa na mashaka ya kutiwa vitu vilivyotokana na nguruwe, ama mafuta ama jelatini. Jarida lenyewe lilikuwa dogo, lakini habari ikaenea nchi nzima. Orodha za bidhaa zikanakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono, na kila ilipopita, orodha ilizidi kurefuka. Watu waliacha kununua, na biashara ikaanguka, ya wenye makosa na ya wasio na makosa pamoja. Wala mlaji hakuwa na mahali pa kwenda kuuliza, kwa kuwa hapakuwa na chombo chenye maabara na wakaguzi ambacho kingeweza kusema kwa uhakika, hiki sawa, hiki si sawa. Tarehe 6 Januari 1989 Baraza la Maulamaa la Indonesia likaunda taasisi ya kuchunguza chakula, dawa na vipodozi. Ndivyo cheti cha halali kilivyozaliwa katika nchi ile. Malaysia ilikuwa imetangulia. Huko barua za kuthibitisha halali zilianza kutolewa na ofisi ya serikali mwaka 1974.

Yaliyotokea miaka 12 baadaye yana mafunzo makubwa zaidi. Kampuni ya Ajinomoto, ambayo unga wake wa kukoleza mchuzi unajulikana na wapishi ulimwenguni kote, ilikuwa na kiwanda Mojokerto katika Jawa ya Mashariki, nayo ilikuwa na cheti. Unga huo hutengenezwa na bakteria. Hulishwa molasi, yaani uji mweusi unaobaki viwandani baada ya sukari kutengenezwa, nao hutoa kile kinachokoleza ladha. Lakini kabla ya bakteria hao kuingizwa katika matangi makubwa, mbegu yao hutunzwa kwanza katika chakula maalumu, mfano wa kitalu cha miche. Mwaka 2000, wakati wa ukaguzi wa kufanya cheti upya, wakaguzi waligundua kwamba chakula hicho cha mbegu kilikuwa kimebadilishwa. Kile kipya kilitokana na soya, ila soya hiyo ilikuwa imevunjwavunjwa kwa kimeng'enya kilichotoka katika kongosho la nguruwe.

Tazama umbali huo, msomaji. Nguruwe aligusa soya, soya ikalisha mbegu, mbegu ikazaa bakteria, bakteria wakala molasi, na mwishowe ukapatikana unga ambao ukipimwa maabara hauonyeshi chembe ya nguruwe. Je, unga huo ni halali au ni haramu?

Baraza la Maulamaa lilijibu kwamba ni haramu, kwa kuwa nguruwe ametumiwa katika kuutengeneza, hata kama hakubaki. Mnamo Januari 2001 Rais wa nchi, Abdurrahman Wahid, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachuoni mkubwa na kiongozi wa zamani wa jumuiya ya Nahdlatul Ulama, alisema hadharani kwamba ni halali, kwa vile uchunguzi wa maabara haukuona kitu ndani ya unga. Wananchi wakabaki kati ya rais na baraza. Polisi waliwakamata baadhi ya viongozi wa kampuni, na maelfu ya tani za unga zikaondolewa madukani. Baadaye mwaka ule ule kampuni ikabadilisha tena chakula cha mbegu, ikakaguliwa na kupewa cheti kipya.

Wengi wakisimulia kisa hiki hushika lile shindano la rais na maulamaa, na kweli lina utamu wake. Kwa maoni yangu jambo la kushika ni jingine. Kiwanda kile hakikuwa cha gizani. Kilikuwa na cheti na nembo. Mabadiliko yalifanyika ndani ya uzio wake, katika chombo kimoja kidogo, bila mlaji yeyote kuona tofauti katika ladha, rangi wala harufu. Yaliyoyafichua ni ukaguzi uliorudi kwa sababu cheti kilikuwa na tarehe ya mwisho. Kama cheti kingekuwa ni cha kudumu, mambo yangeendelea vile vile.

Na usidhani ukaguzi ukishakuwapo kazi imekwisha. Mwezi wa Aprili 2025 vyombo vya serikali ya Indonesia vilitangaza kwamba bidhaa tisa zilizopimwa zilikutwa na asili ya nguruwe, nyingi zikiwa ni zile peremende laini kama sponji tulizozitaja. Saba kati ya tisa hizo zilikuwa na cheti cha halali. Huko Malaysia nako, mwaka 2014, Wizara ya Afya ilisema imeona dalili za nguruwe katika aina mbili za chokoleti ya Cadbury. Mamlaka ya dini ikachukua sampuli nyingine kutoka kiwandani, ikazipima na isikute kitu. Katikati ya matangazo hayo mawili watu walikwisha kupandwa na hasira, na wengine wakadai kampuni ipelekwe mahakamani. Kipimo cha maabara ni chombo chenye makali sana. Huweza kuona chembe ambayo haikutiwa na mtu, bali imeangukia tu ghalani au njiani, na kwa hiyo nacho chataka kusomwa na mwenye busara.

MAULAMAA HAWAKO KATIKA SAUTI MOJA

Msomaji asiye Mwislamu huenda akashangaa kwa nini jambo la dini moja liwe na majibu mawili. Sababu iko katika neno moja la fikihi, istihala, maana yake kugeuka kwa kitu kikawa kitu kingine kabisa. Mfano wake mkongwe ni siki. Divai ikigeuka yenyewe kuwa siki, siki hiyo ni halali, kwa sababu si divai tena. Basi wapo wanaouliza: je, ngozi ya nguruwe ikichemshwa na kutibiwa kwa dawa mpaka ikawa jelatini, haijageuka pia?

Mwaka 1986 Akademia ya Kimataifa ya Fikihi ya Kiislamu, ilipokutana Amman, ilisema kwamba Mwislamu haruhusiwi kutumia katika chakula hamira na jelatini zilizotokana na nguruwe, kwani vipo vya mimea na vya wanyama waliochinjwa kisheria vinavyotosheleza. Mwaka 1995 mkutano wa wanavyuoni na matabibu uliofanyika Kuwait chini ya Taasisi ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba ukaielekeza hoja upande wa pili, kwamba jelatini iliyogeuka asili yake ni safi na yaweza kuliwa. Mabaraza mengi yanayotoa vyeti vya chakula yameshika msimamo wa Amman. Katika pwani yetu, ambako madhehebu ya Shafii yana mizizi ya karne nyingi, wanavyuoni kwa kawaida ni wakali katika suala la nguruwe. Kwa Mshafii chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na katika Malaysia hata mitambo ya kiwanda iliyotumika kwa nguruwe husafishwa kwa utaratibu huo kabla ya kukubaliwa kutengeneza chakula cha halali.

Kwa hiyo neno "halali" likichapwa peke yake juu ya pakiti halitoshi. Lazima liulizwe: limesemwa na nani? Miongozo ya Codex Alimentarius, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, juu ya matumizi ya neno hilo ilipitishwa mwaka 1997, nayo yenyewe inakiri kwamba yaweza kuwapo tofauti ndogo za rai baina ya madhehebu. Dunia haina cheti kimoja cha halali.

KWETU NYUMBANI

Huku kwetu Tanzania, watu wengi huichanganya nembo ya Shirika la Viwango, TBS, na nembo ya halali. Ni vitu viwili mbalimbali. TBS, ambayo tangu mwaka 2019 imekabidhiwa pia kazi ya usalama wa chakula, huangalia kama bidhaa imefikia kiwango na haidhuru afya. Mkate wenye mafuta ya nguruwe waweza kuwa safi kabisa machoni pa kiwango, na ni haki ya mwenye kuutaka kuuziwa. Cheti cha halali hutolewa na vyombo vya Waislamu: hapa kwetu BAKWATA ni miongoni mwao, na Kenya ipo Kenya Bureau of Halal Certification, ambayo nembo yake utaiona juu ya bidhaa nyingi zinazovuka mpaka kuja madukani kwetu.

Mwenye kutaka uhakika na ajizoeze kutazama mambo machache. Jina la chombo kilichotoa cheti lazima lisomeke. Maandishi ya Kiarabu au picha ya mwezi na nyota ni mapambo tu, kwani mchapaji yeyote aweza kuyachapa kwa ujira wake. Cheti hutolewa kwa kiwanda na kwa bidhaa zilizotajwa ndani yake, si kwa mwenye duka, na jina la Kiislamu la mwenye bekari halina uzito wa cheti. Tarehe ya mwisho nayo isomwe. Kisa cha Mojokerto kimekwisha kutuonyesha kwa nini. Pasipo na cheti, soma lebo. Penye E471 bila maelezo, andika barua au piga simu uwaulize watengenezaji: ni ya mimea au ya wanyama? Kampuni yenye kujiheshimu hujibu. Ukikuta imeandikwa kuwa ni ya mimea, swali hilo limekwisha.

Hapohapo yafaa niseme kwamba nembo nazo zimeanza kutumiwa vibaya. Nembo ya halali juu ya chupa ya maji safi, au juu ya pakiti ya chumvi, inamwambia mlaji nini asichokijua? Si kosa, lakini ni biashara zaidi kuliko ibada, na gharama yake huingizwa katika bei unayolipa wewe. Hofu ya mlaji isigeuzwe kuwa shamba la kuvunwa.

Wengi watakaoumia kama jambo hili halikupangwa vizuri si wenye viwanda, bali ni akina mama na vijana wanaooka nyumbani. Mama anayeoka keki za harusi katika chumba cha uani Temeke au Magomeni hana wakili, hana maabara, na ada ya ukaguzi yaweza kumeza faida ya mwezi mzima. Akidaiwa cheti kile kile anachodaiwa mwenye mitambo, atafunga. Indonesia wameliona hilo. Sheria yao ya mwaka 2014 ilifanya cheti kiwe cha lazima kwa chakula, lakini utekelezaji wake ukagawanywa: viwanda vikubwa na vya kati vilipewa hadi 17 Oktoba 2024, na wenye biashara ndogo wakaongezewa muda hadi 17 Oktoba 2026. Wadogo wanaotumia vitu vinavyojulikana kuwa salama wameruhusiwa kutoa tamko lao wenyewe, wakisaidiwa na msimamizi anayekuja kuona jiko na stoo. Wala chakula kisicho halali hakikupigwa marufuku. Kinatakiwa tu kiandikwe wazi kwamba si halali. Huo nauona kuwa utaratibu wenye akili, japokuwa wanaotamka ni mamilioni na wa kuwapitia ni wachache.

Kisha pana jambo la majirani. Katika nyumba zetu za kupanga, Mwislamu, Mkristo na asiyekuwa upande wowote huchangia bomba moja na uani mmoja. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari huvuka kwa jirani, na Krismasi keki hurudi kwa mlango ule ule. Mkristo anayemwokea rafiki yake keki hataki kumkwaza. Hajui tu kwamba siagi ya mimea, mapambo ya jelatini na vanila vyaweza kuleta shaka. Mwambie kwa upole, tena kabla ya sikukuu, usingoje mpaka sahani imewekwa mbele yako. Kumbuka pia kwamba si Waislamu peke yao wanaolihitaji jibu la mtengenezaji. Wasabato nao hawali nguruwe, na Wahindu wengi hawali ng'ombe. E471 isiyotaja asili yake huwaacha wote gizani pamoja.

Kwa wenye kuoka nyumbani, basi, yafuatayo yatapunguza shaka nyingi bila gharama yoyote. Tumia mafuta ya mawese, ya alizeti, au samli unayoijua ilikotoka. Unga wa kuboresha mkate si lazima kwa mkate unaoliwa siku ile ile. Acha donge liumuke polepole, nalo litakuwa laini lenyewe. Ukitaka kitu cha kugandisha kama jeli, ipo agari, ambayo hutokana na mwani. Badala ya dondoo ya vanila, iliki na ganda la limau vimetutosha miaka mingi.

Limebaki jambo moja ambalo husahauliwa hata na waokaji waangalifu, nalo ni brashi ya kupakia mafuta katika kopo au yai juu ya skonzi. Brashi nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa manyoya magumu ya mgongo wa nguruwe, na baadhi huandikwa kwa Kiingereza "bristle" bila kueleza zaidi. Kama huijui yako, ng'oa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Wa nailoni utayeyuka na kufanya kidonge kigumu. Wa mnyama utajikunja, utageuka majivu, na utanuka kama nywele zilizoungua. Huo si lazima uwe wa nguruwe, kwani zipo brashi za manyoya ya mbuzi, lakini kwa bei ya brashi mpya ya nailoni au ya mpira hakuna haja ya kukaa unabahatisha.